Twangoja Hamu Gani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zako niseme neno juu ya hoja iliyotolewa katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, ambayo italetwa mbele ya wanachama wote katika mkutano mkuu. Hoja yenyewe ni ya kuwa darasa letu la jioni lifungwe. Lilipofunguliwa, watu walikuwa wengi hata viti havikutosha. Sasa wanaohudhuria wahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Basi mleta hoja ataka fedha ya mwalimu itiwe katika mfuko wa karamu ya mwisho wa mwaka, mpaka hapo wanachama watakapopata hamu.

Sina ugomvi na mleta hoja. Ni mtu muungwana, na aliyoyasema juu ya viti vitupu ni kweli. Ugomvi wangu ni na lile neno la mwisho. Lilipotamkwa, niliona vichwa vikitikisika chumba kizima, kana kwamba limesomwa neno la sharia. Ati hamu imekwenda zake; tuingoje; ikirudi tutaanza tena. Naomba kuuliza: imekwenda wapi, na ni nani aliyeitilia saini likizo yake?

Ndugu wanachama, na tuitazame kazi yetu wenyewe. Karani wa masjala afika ofisini saa moja na nusu asubuhi. Atia saini katika daftari la mahudhurio. Afungua barua, azipiga muhuri wa kupokelewa, aziandika katika rejista, azitia katika majalada yake, kisha ayapeleka majalada kwa wakubwa. Hafanyi hayo kwa kuwa ameamka na hamu ya majalada. Mimi nimekaa na majalada miaka mingi wala sijamwona mtu aliyeamka na hamu hiyo. Siku aliyoamka na huzuni, majalada huenda. Siku aliyogombana na jirani usiku kucha, majalada huenda. Na ajabu ni hii, ya kuwa yapatapo saa nne utamwona mtu yule amechangamka, amsahihisha mwenziwe namba ya jalada, akasirika kwa barua iliyotiwa pasipo mahali pake, akataa hata kwenda kunywa chai mpaka amalize fungu lililo mbele yake. Hamu imekuja. Haikumtangulia mlangoni, ilimkuta kitini.

Mtu huyo huyo atokapo saa tisa na nusu alasiri ayarudia mambo yake mwenyewe: mtihani anaotaka kuufanya, nyumba anayotaka kuijenga, habari za wazee wake anazotaka kuziandika kabla hazijapotea. Hapo ndipo asemapo kuwa hana hamu. Neno asilothubutu kumwambia mkuu wa ofisi hata siku moja, ajiambia mwenyewe kila jioni, naye hujipa ruhusa bila cheti cha daktari. Nasema hii si haki. Mwajiri twampa saa 8 kila siku, tukipenda tusipende. Nafsi zetu twazinyima hata nusu saa, mpaka kwanza zitupendeze.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema kazi ya ofisi ni kazi ya mkono, bali mambo makubwa ya akili hayaji kwa saa wala kwa daftari. Wenye kusema hivyo na wasikie habari za karani mmoja wa Uingereza, jina lake Anthony Trollope. Aliingia katika ukarani wa Posta mjini London mwaka 1834, kijana wa miaka 19, na kwa miaka 7 ya kwanza alikuwa karani mbaya: mchelewaji, mwenye madeni, asiyependwa na wakubwa wake. Mwaka 1841 alipelekwa Ireland, na huko akawa mtu wa kazi. Mwaka 1843 alianza kuandika riwaya yake ya kwanza. Ikatoka mwaka 1847, watu wasiinunue. Hakuacha. Baadaye alifanya desturi ya kuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mtumishi wake mzee akampa pauni 5 zaidi kila mwaka kwa kazi ya kumwamsha. Aliweka saa mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa. Alikuwa na daftari lililogawanywa kwa siku na majuma, akaandika humo hesabu ya kurasa alizozimaliza, na siku ya uvivu ikabaki pale tupu ikimtazama. Akisafiri kwa treni kwa kazi za Posta, aliandika kwa penseli juu ya kibao alichokiweka magotini. Na zilipokwisha saa zake za alfajiri, alikwenda kazini kama karani mwingine yeyote. Aliiacha Posta mwaka 1867, akafa mwaka 1882, na riwaya alizoziandika ni 47.

Mwaka uliofuata kufa kwake kilitoka kitabu cha maisha yake, ambamo ameyaeleza haya yote bila kuficha. Na wako wasomi waliomdharau kwa ajili hiyo, wakaona aibu ya mtunzi afanyaye kazi kwa saa kama fundi viatu. Lakini mfano huo wa fundi viatu yeye mwenyewe ndiye aliyeutumia, wala hakuona haya. Kwake, mtunzi angojaye kufunuliwa ni wa kuchekwa sawasawa na fundi akaaye juu ya ngozi yake akingoja jambo hilo hilo. Mimi nawauliza wanachama, nani kati yenu ampelekaye fundi viatu vyake akakubali kuambiwa, "Rudi nitakapopata hamu"?

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Shaaban Robert, ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili amelisikia jina lake, alikuwa karani kama sisi. Mwaka 1926 aliingia katika Idara ya Forodha, akatumika humo hata mwaka 1944, kisha akatumika katika idara nyingine za serikali miaka mingi zaidi. Mashairi, insha na hadithi zake nyingi aliziandika katika miaka hiyo hiyo ya kuandika hati za watu wengine. Vita vya 1939 hadi 1945 vikipiganwa, alivitungia utenzi mrefu mno, ambao haukupata kuchapishwa mpaka mwaka 1967, naye amekwisha kufa tangu 1962. Tufikiri juu ya hilo. Mtu alitunga maelfu ya mistari bila mpiga chapa kumngojea mlangoni. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hata 1958 zilichapishwa mwaka 2002, na azisomaye ataona mambo ya jamaa na mambo ya fedha yamechanganyika na mambo ya vitabu, kama yalivyochanganyika mambo yetu sote. Hakupewa maisha mepesi ndipo akaandika.

Na kama twapenda kujiita warithi wa vyama vya makarani wa zamani, na tukumbuke walianzaje. Chama cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, kikiongozwa na Martin Kayamba. Wakati ule Mwafrika hakuwa na kiti katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vya kwanza vilipatikana mwaka 1945 tu. Kama watu wale wangalingoja dalili njema kwanza, wangalingoja miaka 23. Walakini waliandika majina, wakachagua mwenyekiti, wakakutana, Waislamu na Wakristo pamoja. Hapana shaka ziko jioni walizokutana wachache, mvua ikinyesha.

Sasa niseme haki, maana wako wasiokuwa na hiyo nusu saa kweli. Karani mwanamke atokaye ofisini kwenda sokoni, toka sokoni kwenda jikoni, toka jikoni kuogesha watoto na kuwasimamia masomo yao, huyo simwambii neno juu ya uvivu. Nusu saa yake haikupotea, imechukuliwa. Na aliyeichukua aghalabu ni mwanachama mwenzetu, aliyeketi barazani mbele ya bao, akilalamika ya kuwa siku hizi hana hamu ya jambo lolote. Huyo na ainuke akaoshe vyombo, na mkewe aje darasani badala yake. Tutampokea kwa furaha kubwa.

Kadhalika wako wagonjwa, na wako wenye huzuni nzito isiyoondoka kwa kuambiwa fanya kazi. Hao wana haki ya kwenda kwa daktari na haki ya subira yetu. Siwasemi hao. Nawasema walio wazima, wenye jioni zao, wanaozimaliza katika simu ya mkononi wakitazama picha za mahafali ya watu wengine. Siku hizi wako hata wanaokodi ukumbi na kutoza kiingilio ili watuuzie hamasa. Mtu hutoka huko amejaa moto, amepiga makofi hata mikono imemuuma, na kesho yake saa kumi alasiri kitabu kingali kimefungwa. Kwa kiingilio kile angalinunua daftari, kalamu na taa, na chenji ikabaki.

Nimefanya hesabu, na kila karani aweza kuihakiki. Nusu saa kwa siku, siku 5 kwa juma, majuma 46 kwa mwaka, ni saa 115. Sharia yatustaafisha kwa lazima tufikapo miaka 60. Mwenye miaka 40 leo ana saa 2,300 mbele yake, mbali na zile za mwajiri. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sharia mwaka 1992 kikaanza kufundisha mwaka 1994, kiliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hii hasa, wasomao huku wakifanya kazi. Darasa letu ni ngazi ya kufikia huko, kwa wale ambao vyeti vyao vya shule havijatosha. Tukilifunga, mwenye hasara si yule aliyeacha kuja; yeye amekwisha kuacha. Mwenye hasara ni wale wachache ambao wangali waja kila jioni, na ambao mleta hoja amewahesabu kama upungufu, asiwahesabu kama watu. Mmoja wao ni tarishi. Alipoanza hakuweza kuandika barua ya maombi bila kusaidiwa. Juma lililopita ameandika yake mwenyewe, ukurasa mzima, na makosa ndani yake ni mawili. Karamu ya mwisho wa mwaka ya mlo gani itakayolipa hilo?

Kwa hiyo nami naleta hoja yangu, nikitaka iandikwe mbele ya mkutano mkuu. Darasa liendelee kwa mwaka mmoja mzima, hata wakibaki wanafunzi watatu. Pawekwe mlangoni daftari la mahudhurio, lenye safu ya jina, saa ya kufika na saini, lifungwe saa kumi na robo kamili, kama lile la ofisini lifungwavyo. Asiyekuja aandikiwe "hayupo," na neno "hamu" lisikubaliwe katika safu ya sababu. Wakati utakuwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi hadi kumi na moja, katika chumba kile kile. Mwalimu amekubali. Chaki ipo. Natafuta mwanachama mmoja wa kuiunga mkono hoja hii, naye aje masjala anione kabla ya Ijumaa, maana ajenda yapigwa chapa siku hiyo.

Mimi wenu katika kazi,
Karani wa Masjala