Mchezaji Huru si Mchezaji wa Bure

Mnunuzi wa mahindi mjini Tunduma hatoi fedha zake kabla ya kulidunga gunia kwa bambo na kuziona punje za ndani. Busara hiyo, ambayo hata kijana anayeanza biashara mpakani anayo, imewashinda baadhi ya viongozi wa klabu kubwa za soka nchini. Kila msimu wa usajili huwagombania wachezaji waliomaliza mikataba kana kwamba watu hao hupatikana bure.

Hawapatikani bure. Ni kweli kwamba mkataba ukiisha klabu ya zamani hailipwi kitu. Lakini fedha ambazo zingekwenda kwa klabu hiyo hudaiwa sasa na mchezaji mwenyewe na wakala wake, kwa jina la fedha za usajili, nazo hutakiwa mapema, kabla mguu haujagusa mpira. Mshahara huja juu yake. Tena utani wa Simba na Yanga huipandisha bei hiyo, maana mara nyingi kinachonunuliwa si magoli bali ni furaha ya kumnyima mtani.

Mwaka 2022 Yanga ilimsajili Lazarous Kambole, mshambuliaji kutoka Zambia aliyekuwa ameachana na Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Alicheza kwa nadra mno. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba klabu hiyo, iliyokuwa bingwa wa nchi, imefungiwa na FIFA kusajili hadi imlipe madai yake. Mchezaji hana lawama. Alidai haki iliyoandikwa. Lawama ni ya waliotia saini bila kudunga gunia.

Hata hivyo mwezi Julai mwaka huo huo Yanga ikamchukua Mzambia mwingine, Clatous Chama, aliyemaliza mkataba wake Simba akiwa na umri wa miaka 33. Sifa za Chama hazina ubishi, na Simba iliona matunda yake. Lakini shangwe iliyosikika siku ile ilikuwa zaidi ya kumkomoa mtani kuliko ya kupata kiungo. Baada ya msimu mmoja akaenda Singida Black Stars. Viongozi wa Simba nao, walioachia mkataba uishe hadi mchezaji akaondoka bila klabu yao kupata hata senti, hawana la kujivunia.

Hasara kubwa zaidi haionekani Dar es Salaam. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya bei yake hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Mchezaji huru hana bei, na kwa hiyo mgawo huo haupo. Mamilioni humwagika, na klabu ndogo iliyomfundisha kupiga pasi haipati hata fedha ya kununua mipira.

Walimu wa michezo wa Tunduma, Vwawa na Mlowo wanalijua jambo hili kwa uchungu. Wao ndio wanaoandaa vijana wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mara nyingine kwa kutoa mifukoni mwao. Wala haisemwi kwamba nyanda hizi hazina vipaji. Mwaka 1986, wakati Songwe ingali sehemu ya Mkoa wa Mbeya, Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mbeya City ikashika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14. Tangu mwaka 2021 ligi hiyo ina mkataba wa matangazo ya televisheni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Haitoshi basi kusema kwamba soka haina fedha.

Wanachama wa Simba na Yanga walioko Songwe, wakiwamo walimu na watumishi wa serikali wanaolipa ada kutoka katika mishahara isiyo mikubwa, husikia gharama za usajili vijiweni tu. Mkutano mkuu ujao wa kila klabu uletewe orodha iliyokaguliwa ya kila mchezaji huru aliyesajiliwa tangu 2022: alilipwa kiasi gani, wakala wake alichukua kiasi gani, na alicheza dakika ngapi. Pembeni mwake kiandikwe kiasi kilichotumika kwa timu ya vijana.