Upana wa Ukurasa na Hatima ya Mshororo

Wahariri wa majarida ya wanafunzi huteua safu mbili kwa kuwa karatasi ni ghali. Kwa nathari, uamuzi huo hauna dosari. Kwa ushairi, ni hasara. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha pambizo za milimita 25 kila upande na mwanya wa milimita 10 katikati, kila safu hubaki na milimita 75. Mshororo wa tarbia wenye mizani 16 hubeba herufi na nafasi zipatazo 40. Kwa chapa ya pointi 12, mingi hufurika. Neno la mwisho huangushwa chini pamoja na kina cha utao. Jicho hudhani ubeti umezidi mishororo minne, na mwanafunzi anayejifunza arudhi hupotoshwa.

Kupunguza chapa si dawa, huwaumiza wasomaji. Utenzi, wenye mizani 8 katika kila mshororo, huvumilia safu nyembamba. Basi nathari na tenzi zipangwe kwa safu mbili, mashairi yapewe upana wote wa ukurasa. Fundi cherehani humpima mvaaji kabla ya kukata kitambaa.