Samadi ni mali, lakini ina adabu zake

KATIKA vijiji vya Bukoba na Muleba, ugomvi wa majirani juu ya mpaka wa kibanja au mti wa kahawa si jambo geni, na wazee wanajua namna ya kuusuluhisha. Wiki hii tunapenda kuzungumzia ugomvi mwingine, ambao watu huona aibu kuupeleka kwenye kikao kwa sababu unahusu kinyesi cha ng'ombe.

Tuchukue mfano. Mfugaji ana ng'ombe wawili wa maziwa, anawafugia bandani. Jirani yake hana ng'ombe, lakini ana migomba. Mwaka mzima watoto wa jirani wanapeleka maganda ya ndizi kwa ng'ombe wale, na mama yao anamruhusu mfugaji kukata majani pembezoni mwa kibanja chake. Hakuna anayetaja malipo, kwani inaeleweka kuwa samadi ikiiva na wao watapata. Siku moja linakuja gari, samadi inapakiwa yote na kuuzwa kwa mtu wa mbali mwenye fedha taslimu. Jirani anabaki na harufu na inzi. Kuanzia hapo maganda hayapelekwi tena, salamu zinapungua, na ng'ombe akikatika kamba akaingia shambani, linakuwa kosa lisilosamehewa.

Nani ana makosa hapo? Mfugaji atasema ng'ombe ni wake, na kazi ya kufagia banda ni yake. Jirani atasema alichokula ng'ombe kilitoka kwake. Kwa maoni yetu wote wawili wana haki, na ndiyo maana suala hili linahitaji utaratibu kuliko hasira.

Ni ukweli usiopingika kwamba bila samadi hakuna kibanja. Mgeni anayeshuka Kamachumu au Maruku akaona migomba imefunika nyumba hudhani ardhi hii ilizaliwa na rutuba. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mvua za ukanda wa ziwa, ambazo Bukoba hufikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka, huosha virutubisho na kuvipeleka chini ambako mizizi haifiki. Udongo wa rweya, yaani maeneo ya nyasi yanayozunguka vijiji, unaonyesha hali halisi ya ardhi yetu ilivyo isipotunzwa. Kibanja kilijengwa na mikono ya watu kwa vizazi vingi. Nyasi zilikatwa rweya zikaletwa nyumbani, ng'ombe wakachungwa rweya mchana na kurudi jioni kulala nyumbani, na samadi yao ikaingia kwenye migomba.

Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri, hata wakaliwekea taratibu. Mtu mwenye ng'ombe wengi aliweza kumkabidhi asiye na ng'ombe mmoja wa kutunza. Ng'ombe na ndama walibaki mali ya mwenyewe, lakini mtunzaji alipata maziwa na samadi. Kwa njia hiyo hata kaya maskini iliweza kurutubisha migomba yake. Ugonjwa wa sotoka ulipofyeka mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, hasara haikuishia kwenye nyama na maziwa. Vibanja navyo vilipoteza chanzo cha rutuba.

Hali ya leo ni ngumu zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,458,023 mkoani Kagera, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 2,989,299. Vibanja vinagawanywa kwa warithi na kuwa vidogo. Sehemu kubwa za rweya zimepandwa misonobari na mikaratusi, hivyo malisho na nyasi za matandazo vimepungua. Mbolea ya viwandani ipo, na tangu msimu wa 2022/2023 serikali imekuwa ikitoa ruzuku ili kupunguza makali ya bei. Pamoja na hayo, mbolea hiyo peke yake hairudishi mboji kwenye udongo wa kichanga. Ndiyo maana samadi ambayo zamani iliombwa kwa jirani sasa ina mnunuzi.

Sisi hatupingi samadi kuuzwa. Kitu chenye bei hutunzwa, na mfugaji anayepata fedha kwa samadi ana sababu ya kuikusanya vizuri. Tunachopinga ni kuuza bila kuhesabu kilichotoka kwa mwingine. Maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi, na potasiamu ndiyo mgomba unaoihitaji sana ili utoe mkungu mkubwa. Maganda hayo yakitoka kwa jirani kila siku na samadi isirudi, rutuba ya kibanja kimoja inahamia kingine, au inaondoka kijijini kabisa na lile gari. Jirani hataona tofauti mwaka wa kwanza. Ataiona miaka michache baadaye, mikungu ikianza kupungua, na hapo atalaumu mvua.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hebu tupige hesabu ya wastani. Ng'ombe wa maziwa anayefugiwa ndani na kula kilo 40 za majani mabichi kwa siku hutoa takriban kilo 20 za kinyesi kibichi. Kinyesi hicho kikiiva hupungua uzito kwa karibu nusu, hivyo zinabaki kilo 10. Kwa mwaka mzima ni kama tani tatu na nusu za samadi iliyoiva kwa ng'ombe mmoja. Ekari moja ya migomba iliyopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu ina mashina yapatayo 450. Gawanya, utaona kila shina linapata karibu kilo nane. Si nyingi, lakini ndiyo tofauti kati ya kibanja kinachoishi na kinachokufa polepole.

Kwa hesabu hiyo hiyo, kila mizigo minne ya majani inayoingia bandani hutoa mzigo mmoja wa samadi iliyoiva. Mfugaji ana kazi ya kulisha, kufagia na kutibu, na jirani ametoa chakula. Wakigawana samadi nusu kwa nusu, jirani aliyeleta mizigo minane anastahili mzigo mmoja wa samadi. Maziwa yote yanabaki kwa mfugaji. Huu si msahafu. Majirani wanaweza kukubaliana vingine, hasa jirani akileta maganda matupu au akisaidia kazi ya banda. La msingi ni kukubaliana mapema, kuandika kwenye daftari la shule mizigo iliyoingia, na kumpa jirani fungu lake kabla ya gari kuitwa. Asiye na cha kuleta, kama mjane au mzee asiye na nguvu, apewe nafasi ya kununua kwanza kwa bei ya kijijini kabla ya mtu wa mbali.

Adabu ya pili inahusu harufu. Wafugaji wengi huichukulia harufu ya banda kuwa jambo la kawaida, na jirani anayelalamika huitwa mwenye maringo. Kitaalamu, ile harufu kali inayochoma pua ni amonia, nayo ni naitrojeni inayotoroka hewani. Kwa maneno mengine, jirani anaponusa, mfugaji anapoteza mbolea. Lundo linaloachwa juani na kunyeshewa mvua hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kabla halijafika shambani, na anayelinunua ananunua makapi. Kulifunika kwa majani ya migomba na udongo, na kulijengea kijipaa cha nyasi, hakuhitaji fedha nyingi. Kazi hiyo moja inapunguza inzi, inamridhisha jirani, na inamwongezea mwenyewe thamani ya samadi yake.

Vivyo hivyo kwa mkojo. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe, na sehemu kubwa ya potasiamu, imo kwenye mkojo. Mabanda mengi yana sakafu ya udongo inayoacha mkojo upotee ardhini, au mfereji unaoupeleka kwenye njia ya watu. Sakafu ngumu yenye mteremko kidogo na kishimo cha kukusanyia, pamoja na matandiko ya nyasi kavu ya kunyonya, huokoa mali hiyo.

Adabu ya tatu ni ya maji. Vijiji vyetu vingi viko juu ya miinuko na chemchemi ziko mabondeni. Samadi iliyolundikwa mtelemkoni itafuata maji ya mvua hadi zinapochotwa ndoo za kunywa. Tunashauri lundo lisiwe chini ya mita 30 kutoka kwenye kisima au chemchemi, liwekwe upande wa chini yake, na lizungushiwe mfereji mdogo wa kuzuia maji ya mvua. Kwa walio karibu na ziwa au mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60, na banda la ng'ombe halina msamaha.

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo. Tuangalie Uholanzi, nchi inayojulikana kwa ng'ombe wake wa maziwa. Huko samadi ni nyingi kuliko ardhi inavyoweza kuipokea, na maji ya ardhini yaliingiwa na naitreti. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 1991, ambayo kikomo chake katika maeneo yaliyo hatarini ni kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta moja kwa mwaka. Mfugaji anayezidisha hulazimika kulipa ili samadi yake ichukuliwe. Wenzetu walisubiri hadi tatizo likawa la sheria na faini. Sisi tuna upungufu, wao wana ziada, lakini pande zote mbili samadi isiyo na utaratibu huishia kumdhuru jirani.

Wajibu si wa mfugaji peke yake. Jirani naye ana adabu zake. Asizoe samadi iliyodondoka kwenye njia ya kuingilia kwa mwenzake bila kuomba, kwa kisingizio kwamba imeanguka barabarani. Inayodondoka katika njia ya wote, tunaona ni ya atakayewahi, na huyo amesaidia kusafisha njia. Pia asipeleke bandani kwa mwenzake mabaki ya mgomba mgonjwa. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, kila mkulima anajua hasara yake. Ng'ombe atayakula au hatayakula, lakini masalia na panga lililotumika vinaweza kupeleka ugonjwa kwenye kibanja ambacho hakikuwa nao. Panga lipitishwe motoni kwanza, na mgomba mgonjwa ubaki ulikoota.

Mfugaji kwa upande wake ahakikishe ng'ombe wanafungwa imara, na akiharibu migomba ya mtu aende mwenyewe kuomba radhi siku hiyo hiyo, asisubiri kuitwa. Samadi mbichi asiigawe bila kusema kuwa ni mbichi, kwani huweza kuunguza miche michanga na kuleta mbegu za magugu. Ikae kwenye lundo kwa miezi mitatu hivi, igeuzwe, ndipo itoke.

Serikali za vijiji nazo zisikae kimya. Sheria inaziruhusu kutunga sheria ndogo, ambazo hupata nguvu baada ya kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubaliana umbali wa lundo kutoka nyumba ya jirani na kutoka kwenye maji, na wajibu wa kulifunika. Mgawanyo wa samadi wenyewe tusiulazimishe kwa sheria. Huo ubaki kwenye makubaliano ya watu wawili, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kama shahidi. Maafisa ugani, wanapopita kufundisha upandaji wa migomba, waongeze somo la utunzaji wa samadi, na wawaite mfugaji na asiye na ng'ombe wakae darasa moja.

Wafanyabiashara wa samadi tunawaomba waulize swali moja kabla ya kupakia: je, majirani wamepata fungu lao? Mnunuzi anayeuliza hivyo hapotezi kitu. Anajihakikishia kwamba mwakani banda litakuwa na majani, maganda yataendelea kuletwa, na samadi ya kununua itakuwepo. Jirani aliyenyimwa hufunga mlango wake, na ng'ombe asiyekula vizuri hatoi maziwa wala samadi.

Ni matumaini yetu kwamba wafugaji na wakulima wa Bukoba na Muleba watalizungumza jambo hili sasa, kabla ya msimu wa kuweka samadi. Daftari la kurasa chache na majani ya migomba ya kufunika lundo havina gharama kubwa. Ugomvi wa majirani wanaokaa bega kwa bega, vizazi kwa vizazi, gharama yake hulipwa na kibanja.