Ni marufuku, lakini lipa kodi

MFUKO WA UMMA
Na Zuhura Kimweri

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba fedha halali ya nchi hii ni shilingi, na kwamba kuuza, kununua au kuzipigia debe sarafu za mtandaoni ni kukiuka kanuni za fedha za kigeni. Julai 1, 2024 Sheria ya Fedha ikaja na lake: anayehamisha au kubadilisha mali ya kidijitali akatwe asilimia 3 ya malipo yake, na mwenye jukwaa ndiye akate na kuwasilisha. Benki Kuu inasema usiuze. TRA, mamlaka ya mapato, inasema ukiuza, tukumbuke.

Mwanasheria atakwambia hakuna mgongano hapo, kwa sababu mtoza kodi hufuata kipato na hana haja ya kujua kimetoka wapi. Tukubali. Lakini mtazame huyo mlipakodi. Leo amekatwa asilimia 3, kesho ameibiwa. Akienda polisi, inambidi ajieleze yeye kwanza: alikuwa anafanya nini huko kulikokatazwa? Serikali imechukua chake bila kumpa mahali pa kulalamikia.

Tusijione wa peke yetu. Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi kuhusu Bitcoin tangu Desemba 2015. Sheria ya kuwasimamia wafanyabiashara wake ilisainiwa na Rais William Ruto Oktoba 2025, takriban miaka kumi baadaye. Katikati hapo, Septemba 2023, kodi ya asilimia 3 ilikwishafika, ikakusanywa karibu miaka miwili katika biashara isiyo na msimamizi, kisha mwaka 2025 ikabadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada wanazotoza watoa huduma. Nairobi na Dodoma zimepita njia ile ile: mtoza kodi mbele, mlinzi nyuma.

Kilichomharakisha mlinzi huyo kwa kiasi kikubwa kilitoka Paris, yaliko makao ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopima jinsi nchi zinavyopambana na utakatishaji fedha. Ukionekana mlegevu unaingizwa kwenye orodha ya kijivu, na benki za nje zinaanza kuuliza maswali marefu kila fedha zinapotoka kwako. Uganda iliingia Februari 2020, ikatoka Februari 2024, mwezi ule ule ambao Kenya iliingia. Tanzania iliingia Oktoba 2022 pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikatoka Juni 2025. Na muda wote huo ESAAMLG, jumuiya ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika inayosimamia mapambano haya, ilikuwa na sekretarieti yake hapa hapa Dar es Salaam.

Shinikizo hilo si baya. Bila hilo huenda miswada mingi ingekuwa bado kwenye makabati. Ila kazi ya FATF ni kuziba njia za magenge, magaidi na wasafirishaji wa silaha za maangamizi. Kumlinda mteja mdogo si kazi iliyopewa. Serikali inayotunga sheria ili ifaulu mtihani wa Paris na ijaze lengo la makusanyo inaweza kufanikiwa kote kuwili, na bado aliyeibiwa akabaki na simu mkononi asijue ampigie nani.

Wizi wenyewe hutokea mahali panapojulikana: pale shilingi inapogeuka sarafu, na sarafu inapogeuka shilingi. Kwetu mahali hapo ni simu. Ukitaka USDT, sarafu iliyofungwa kwenye thamani ya dola, unaingia kwenye jukwaa la kubadilishana mtu kwa mtu na kuchagua muuzaji. Unamtumia fedha kwa M-Pesa, Airtel Money au benki. Yeye anathibitisha kwamba zimeingia. Jukwaa linaachia sarafu lililokuwa limeishikilia. Kwa kampuni ya simu, muamala huo hauna tofauti na wa kijana anayemtumia mama yake hela ya mboga.

Sasa mchukue yule tapeli wetu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Zamani ilimlazimu awe na laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, na wakala wa kumtolea fedha. Leo anaweza kutoa namba ya muuzaji wa USDT asiyejua lolote. Mama wa Tandika anatuma laki tano akidhani anamlipa mwenye nyumba. Muuzaji anaona laki tano zimeingia, anaachia sarafu, na tapeli anatokomea nazo. Polisi wakiifuatilia namba wanamkuta muuzaji. Naye, kwa kuwa kazi yake imekatazwa, hana leseni, hana daftari la wateja linalotambuliwa na mamlaka yoyote, na hakuwa na ujasiri wa kuripoti pale alipoona malipo yamekuja kwa jina lisilo la mteja wake. Marufuku imemnyamazisha shahidi.

Kinachouma zaidi ni kwamba ushahidi mwingine wote upo. Daftari la Bitcoin liko wazi kwa kila mwenye intaneti, na miamala yake inasomeka tangu Januari 2009. Mpelelezi anaweza kuifuata sarafu kutoka pochi moja hadi nyingine bila kibali cha mtu. Anachokosa ni jina la mwenye pochi, na jina hilo mara nyingi analo yule aliyembadilishia. Ndiyo maana FATF, tangu ilipopanua kanuni zake kwenye eneo hili mwaka 2018 na 2019, inataka wabadilishaji wapewe leseni, wawatambue wateja wao, na wapeane majina ya mtumaji na mpokeaji kwa miamala ya kuanzia dola 1,000. Nchi inayokataza biashara nzima haina wa kumwagiza hayo.

Hata anayetoa leseni hafiki mbali akiwa peke yake, maana sarafu haisimami mpakani Namanga kugongewa pasi. Burundi ilipiga marufuku mwaka 2019. Benki Kuu ya Uganda, Aprili 2022, ilizizuia kampuni za malipo kubadilisha kripto kuwa fedha za simu, na Mahakama Kuu ikaubariki msimamo huo mwaka uliofuata. Rwanda mwaka 2025 ilitoa rasimu ya sheria inayokataza kuchimba kripto na kuilipia bidhaa, huku ikifungua mlango wa leseni. Kenya imegawa usimamizi kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na sheria ilipoanza kutumika Novemba 2025 taasisi hizo zilitangaza kwamba zilikuwa hazijampa mtu yeyote leseni. Hizi ndizo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyosaini itifaki ya umoja wa fedha mwaka 2013, ikakusudia sarafu moja ifikapo 2024, kisha ikasogeza tarehe hadi 2031. Tunataka tuwe na noti moja, na bado hatujakubaliana mbadilishaji wa kripto ni mfanyabiashara au mhalifu.

Wapo wanaoogopa leseni, na hoja yao ina uzito. Mtanzania akiona muhuri wa serikali ukutani anaamini fedha yake iko salama. DECI, mchezo wa upatu, ilikusanya maelfu ya watu waliokuwa "wakipanda" fedha zao hadi ilipozuiwa mwaka 2009, na ilikuwa na ofisi zinazoonekana. Waganda waliotumbukia Dunamiscoins, iliyofunga milango Desemba 2019, waliweka fedha kwenye kampuni iliyosajiliwa kisheria. Kesho tapeli wa kripto atatundika leseni na kuwakomba watu mchana kweupe, wanasema.

Lakini angalia hao walikuwa na karatasi gani. Cheti cha kusajili kampuni kinathibitisha jina na wakurugenzi. Hakimruhusu mtu kupokea amana za watu wala hakimpi mkaguzi. Leseni ya kweli inataka fedha za wateja zitengwe na za kampuni, vitabu vikaguliwe, na anayekiuka afungiwe kabla hajakimbia. Zaidi ya yote, orodha ya wenye leseni inamwezesha mwananchi kumkagua mtu kabla hajamtumia hata senti. Leo hawezi, kwa sababu wote wako gizani, mwaminifu na mwizi.

Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza Juni 2021, aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko haya. Basi lifutwe tangazo la 2019 na mahali pake ije sheria yenye leseni za ngazi mbili, kubwa kwa majukwaa na nyepesi kwa wabadilishaji wadogo, ambao ndio wanaokutana na wateja wetu. Liwepo dirisha moja la dharura, ambapo aliyeibiwa akiripoti, kampuni ya simu na jukwaa wanashikilia fedha hizo kwa saa chache wakati uchunguzi unaanza. Na vitengo vya kudhibiti fedha haramu vya nchi za Jumuiya vipeane majina ya waliofungiwa, ili aliyefukuzwa Kampala asifungue duka Arusha wiki inayofuata.

Sheria hiyo iwe na breki pia. Tunajua jinsi shtaka la utakatishaji fedha, ambalo kwa miaka mingi halikuwa na dhamana, lilivyowaweka watu mahabusu kesi zikiahirishwa kila baada ya wiki mbili. Kijana aliyebadilisha USDT za laki mbili bila leseni apewe onyo na faini, asiwekwe kapu moja na genge la dawa za kulevya.

Kila Juni Waziri wa Fedha husimama bungeni na kusoma kiasi kilichokusanywa. Asome pia kiasi kilichorudishwa kwa walioibiwa. Namba hiyo ikiwa sifuri, wabunge watakuwa wamejua sheria wanayoipitisha inamtumikia nani.