Mgonjwa wa akili anapokataa dawa

Chukua mfano wa mama wa Magomeni Mapipa anayesaga vidonge vya mwanawe na kuvitia kwenye uji. Kijana ana miaka 31. Alikuwa akiuza viatu Kariakoo kabla ya kuanza kusikia sauti na kuamini kuwa majirani wanamfuatilia. Asubuhi moja anaona unga mweupe chini ya kikombe.

“Mama, kumbe na wewe uko nao?”

Tangu siku hiyo hagusi chakula cha nyumbani.

Mama alifanya hivyo kwa mapenzi, lakini amempa mwanawe sababu ya kweli ya kuogopa. Kwa wengi wenye maradhi makali kama skizofrenia, kutojitambua kuwa wanaumwa ni sehemu ya ugonjwa, si ukaidi. Kumwambia “acha upuuzi, hakuna sauti hapo” hakusaidii. Muulizeni kinachomsumbua yeye. Anayekataa “dawa ya wazimu” huenda akakubali kumwona daktari kwa sababu hapati usingizi.

Muulizeni pia kwa nini aliacha dawa. Baadhi hukakamaza misuli, hunenepesha au humfanya mtu ashinde amelala. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa, au kumpa sindano ya kila mwezi badala ya vidonge vya kila siku.

Pengine hamsikilizi mama, ila anamsikiliza mjomba au rafiki aliyeuza naye viatu. Aongee huyo mmoja, si ukoo mzima umzunguke sebuleni.

Akitishia kujidhuru au kudhuru wengine, msingoje akubali. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mgonjwa kulazwa bila hiari yake, kwa utaratibu maalumu. Ombeni msaada serikali ya mtaa, kwa ofisa ustawi wa jamii au polisi, afikishwe hospitali kama Mwananyamala au Muhimbili. Kumfungia chumbani au kumtia minyororo si tiba.

Ndugu nao wapeane zamu, mama apate kulala. Asiachiwe mzigo peke yake eti kwa kuwa ndiye aliyezaa.

Na imani iliyopotea kwenye kikombe cha uji hurudi polepole. Apike mwanawe akiona, apakue sahani moja, na yeye mama awe wa kwanza kuonja.