Jina la Kuazima Lina Mwenyewe

Siku hizi kumezuka mtindo wa kuwapa watoto majina ya mbali kwa sababu moja tu: yanasikika vizuri. Mzazi hulisikia jina katika filamu ya Nigeria, katika tamthilia ya Kituruki au katika matangazo ya mpira, likampendeza, na kabla mama hajatoka arobaini limekwisha andikwa katika cheti cha kuzaliwa. Ukimwuliza maana yake, atakujibu kwa ukali kidogo: "Jina ni jina tu." Nimefundisha na kuongoza shule kwa miaka mingi tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na nimeita majina ya watoto katika daftari la mahudhurio maelfu kwa maelfu ya mara. Kauli hiyo naipinga. Jina si jina tu.

Nieleweke mapema, ndugu msomaji. Sikusudii kujiunga na wale wanaosema kwamba kila jina la kigeni ni utumwa. Hao hupenda kutukumbusha kuwa mkataa kwao ni mtumwa, hali wenyewe wanaitwa Yusufu na Maria. Tukiwafuata, tutabaki na nani? Juma, Hamisi, Fatuma na Asha ni majina yaliyokuja pwani pamoja na Uislamu. Yohana na Petro yalitoka kwa Waebrania na Wagiriki, yakapitia mikononi mwa wamisionari hadi kwetu. Leo nani atathubutu kumwambia mzee wa Pangani aitwaye Juma, mwana wa Hamisi, kwamba jina lake si la kwao? Limekaa, limezaa, na lina makaburi yake.

Mobutu alijaribu njia ya amri. Mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya Kikristo ya Kizungu katika nchi aliyoiita Zaire, na yeye mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Amri ile haikudumu. Nchi hiyo hiyo, ikiitwa Kongo tena, ilikuja kutawaliwa na Joseph mwingine, Joseph Kabila, kuanzia mwaka 2001 hadi 2019. Serikali haiwezi kuingia katika chumba cha mzazi ikamchagulia jina la mwanawe, wala haifai kujaribu.

Kwa hiyo sina ugomvi na kuazima. Ugomvi wangu ni na mtu anayeazima bila kupiga hodi.

Akina mama wa pwani watanielewa upesi. Kanga ina rangi na maua, lakini pia ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini yake. Mwanamke mwenye busara hanunui kanga kwa maua peke yake. Huyasoma maneno kwanza, kwa sababu anajua kwamba akimpelekea mkwewe doti lenye maneno ya kashfa, hatasalimika kwa kusema, "Mimi nilipenda rangi." Basi ikiwa tunakuwa waangalifu hivyo kwa kipande cha kitambaa kitakachochakaa baada ya miaka michache, mbona hatuwi waangalifu kwa jina atakalolibeba mtu hadi kaburini?

Tuanze na mfano wa karibu. Kulwa na Doto ni majina ya Wasukuma kwa mapacha: Kulwa ndiye anayetangulia kuzaliwa na Doto ndiye anayefuata. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Majina hayo yametoka Usukumani yakaenea nchi nzima, na leo utawakuta akina Kulwa na Doto wazaliwa wa Tanga, Mbeya na Dar es Salaam ambao wazazi wao hawajui neno la Kisukuma. Huo ni uazimaji wa heshima, kwa sababu jina limechukuliwa pamoja na kanuni yake. Lakini mwite Doto mtoto aliyezaliwa peke yake, uone. Maisha yake yote ataulizwa, "Kulwa yuko wapi?" Naye atakuwa hana jibu, au watu watadhani pacha wake alikufa.

Tusogee mbali kidogo. Kwa Wayoruba wa Nigeria, Babatunde maana yake ni kwamba baba amerudi. Hupewa mtoto wa kiume anayezaliwa baada ya babu kufariki. Katika wilaya moja niliyofundisha, kijana mtumishi alimpa mwanawe jina hilo kwa kuwa lilimpendeza, na baba yake mzazi alikuwa hai, mzima, anachunga mbuzi wake kila siku. Mwalimu mmoja aliyewahi kusoma habari za Wayoruba akalieleza mbele ya watu. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe mmekwisha nizika." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Tangu siku ile hakumwita mjukuu wake kwa jina lile hata mara moja. Alimwita "bwana mdogo" mpaka alipoaga dunia. Hivi ndivyo jina zuri linavyoweza kuweka ukuta kati ya babu na mjukuu.

Au tuchukue Ghana. Kwa Waakan, Kofi ni mwanamume aliyezaliwa Ijumaa na Kwame ni aliyezaliwa Jumamosi. Maana yake ni kwamba Kofi wa Kumasi na Juma wa Bagamoyo ni masomo, ingawa hawajuani! Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 1997 hadi 2006, aliitwa pia Atta kwa kuwa alizaliwa pacha. Jina lake peke yake lilitosha kumweleza Mghana yeyote alivyokuja duniani. Sasa, hapa kwetu wako akina Kwame waliozaliwa Jumanne au Jumatano. Je, wazazi wao wamekosea? Mzazi akiniambia, "Nilimwita Kwame kwa kumbukumbu ya Nkrumah na uhuru wa Ghana wa mwaka 1957," namvulia kofia. Amempa mtoto wake historia. Akiniambia, "Lilisikika la kisasa," namhurumia mtoto.

Nawaheshimu pia ndugu zetu weusi wa Marekani wanaochagua majina kutoka katika lugha yetu. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, akaipa misingi saba yenye majina ya Kiswahili. Mmojawapo ni kujichagulia, na ndani yake imo haki ya watu kujipa majina wenyewe. Misingi mingine miwili, Imani na Nia, imekuwa majina ya mabinti wengi huko. Wapo pia wanaoitwa Zuri. Mswahili akisikia hilo hushtuka kidogo, kwa kuwa kwetu "zuri" ni sifa inayongoja kuambiwa ni ya kitu gani. Hata hivyo simcheki mzazi huyo. Mababu zake walinyang'anywa majina pamoja na uhuru, wakaitwa kwa majina ya waliowanunua. Yeye anajua kwa nini alivuka bahari kutafuta jina, na binti akimwuliza, ana la kumjibu. Je, sisi ambao hatukunyang'anywa tuna jibu gani?

Watanijia wengine na hoja ya mwisho: "Mtoto ni wangu, nitamwita nipendavyo." Mtoto ni wako, kweli. Lakini jina lake utalitumia wewe kwa uchache kuliko watu wote. Litatumiwa na majirani, walimu, makarani, wakwe na wajukuu. Litafuata kutoka cheti cha kuzaliwa hadi cheti cha shule, kitambulisho cha taifa na hati ya kusafiria. Nimewaona vijana ambao jina lao la kigeni liliandikwa hivi na mganga, vile na mwalimu, na vingine na karani, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua linavyoandikwa. Wanapotafuta kazi, huanza kuhangaika na viapo vya mahakamani ili kuthibitisha kwamba watu watatu wa kwenye karatasi ni mtu mmoja.

Nilikuwa na desturi ya kuwataka watoto wa darasa la tano wasimame mmoja mmoja waeleze habari ya majina yao. Mtoto aliyeitwa Mashaka, jina ambalo wengi wangelikwepa, alisimama wima akatueleza mwaka wa njaa aliozaliwa na jinsi mama yake alivyomlea. Darasa lilimsikiliza kimya. Baada yake alisimama binti mwenye jina tamu la Kizungu. Alitazama chini, akasema, "Sijui, Mwalimu. Mama alilisikia mahali." Akaketi. Umaskini wa namna hiyo hauletwi na kukosa fedha.

Wala mtu asidhani kwamba jina la nyumbani na jina la ugenini haziwezi kukaa pamoja. Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama mwaka 1922, mvua ilikuwa ikinyesha, akaitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Alipobatizwa mwaka 1943 akachukua Julius. Alijua asili ya la kwanza na sababu ya la pili, akayabeba yote mawili bila aibu.

Basi kwenu ninyi vijana mnaotarajia mtoto, nina maswali matatu tu. Jina hili wenyewe humpa nani, na wakati gani? Kwetu tunamkumbuka nani au nini kwa kulichukua? Na mtoto wetu akifika darasa la tano, akaambiwa asimame, atasema nini? Ulizeni kabla ya kuandika. Mghana, Mnigeria au Msukuma hakosekani siku hizi, na hakuna asiyependa kuulizwa habari za kwao.

Mkikosa majibu, ngojeni. Waislamu humpa mtoto jina siku ya saba, na Wayoruba siku ya nane. Waliopanga siku hizo walijua kwamba kichanga hapungukiwi na kitu kwa kulala wiki moja bila jina. Mpelekeni kwa bibi yake, mketi mkekani, mwulize ni nani katika ukoo ambaye bado hajapata somo. Mkisha msikiliza, mkaona bado mnalitaka lile la mbali, lichukueni kwa moyo mweupe. Hapo mtakuwa mmechagua.