Kupumzisha akili si uvivu

Mwili ukichoka unajua la kufanya. Ukirudi kutafuta kuni unakaa, unanyoosha miguu, na hakuna atakayekusema. Lakini akili ikichoka, wengi wetu hapa Nyarugusu tunaiongezea kazi.

Tangu kambi ifunguliwe mwaka 1996, kungoja ni sehemu ya maisha. Unangoja posho, unangoja mahojiano ya nchi ya tatu, unangoja habari za ndugu aliyebaki Kivu. Anayengoja huonekana hafanyi kitu, kumbe kichwani anasafiri mchana kutwa: amerudi Fizi, amefika Marekani, anahesabu siku ambazo unga utatosha. Usiku anaendelea. Kisha anakuja zahanati na maumivu ya kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio, akipimwa malaria haipo.

Wengine huniambia, "Nimejaribu kuacha kuwaza, nimeshindwa." Ni kweli, kwa nguvu haiwezekani. Mwaka 1987 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu waliambiwa wasimuwaze dubu mweupe. Wakazidi kumuwaza. Basi usipigane na wazo. Liache lipite kama mtu anayepita njiani mbele ya nyumba yako, si lazima umkaribishe ndani. Kaa, sikia ardhi chini ya nyayo zako, vuta pumzi taratibu, sikiliza jogoo, watoto, mvua juu ya paa. Wazo likirudi, nawe rudi kwenye pumzi. Dakika kumi zinatosha kuanzia. Kama ukifumba macho unaona mambo ya vita, usifumbe. Fanya huku ukitembea.

Huko Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walifundishwa njia za namna hii kwa vikao vitano vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Walikuwa bado wakimbizi. Pombe haifanyi hivyo: inakulaza, halafu inakuamsha saa tisa usiku na mawazo yaleyale.

Sasa niseme linaloniudhi. Jioni utawaona wababa wamekaa kwenye bao, wanacheka, na ni vizuri, akili zao zinapumzika. Lakini mama aliyepanga foleni ya maji tangu alfajiri, akikaa mlangoni kimya kidogo tu, majirani wanasema ni mvivu, au ana mashetani. Atapumzika saa ngapi? Baba, mbebe mtoto nusu saa. Chota ndoo moja. Nawe jirani, ukimkuta ametulia msalimie upite, usimpelekee habari za orodha iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Ila kuna ukimya ambao si mapumziko. Mtu ambaye kwa wiki mbili hali vizuri, halali, haogi wala haongei na watu, anahitaji mhudumu; tuiteni sisi wa kijiji chenu. Na akisema anataka kufa, usimwache peke yake hata kidogo. Mlete zahanati saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.